Gia boksi ya gari la mkononi: unachoweza kukijua kabla ya kutoa hela

Uliza hali ya gia boksi kwenye yadi yoyote ya magari ya mkononi, utajibiwa kwa vitendo. Muuzaji ataingia, atawasha, ataweka D gari lisogee mita chache, kisha R lirudi lilikotoka. "Umeona mwenyewe, bosi. Haina shida." Na kwa alichokuonyesha, hajadanganya. Ila gia boksi ya oto iliyobakiza miezi miwili nayo inakwenda mbele na kurudi nyuma vizuri tu, hasa ikiwa imeshapashwa moto asubuhi kabla hujafika.

Injini ikichoka ina umbea: inatoa moshi, inakula oili, inagonga. Gia boksi ni msiri. Ndiyo maana wanunuzi wengi humaliza ukaguzi wao kwenye injini na bodi, halafu kifaa ambacho kikifa kinaweza kula robo ya bei ya gari wanakipitisha kwa kauli ya dalali.

Mkanganyiko wa kwanza unatokana na umri. Tanzania gari lililofikisha miaka 8 tangu kutengenezwa linatozwa ushuru wa uchakavu linapoingizwa, na mzigo huo unaongezeka likivuka 10. Kenya ndiyo kabisa, gari lililozidi miaka 8 haliingii. Kwa hiyo vichwani mwetu umri na ubovu vimeshaoana: gari jipya zaidi ni salama zaidi. Kwenye gia boksi hesabu hiyo inaweza kukugeuka, kwa sababu kati ya miaka ya 2000 na 2014 hivi watengenezaji wa Japani waliziondoa gia boksi za hatua nne kwenye magari mengi madogo na ya kati wakaweka CVT, gia boksi isiyo na hatua. Premio ya mwaka 2001 hadi 2007 yenye injini ya 1.5 au 1.8 ina oto ya hatua nne. Zilizofuata baada ya hapo karibu zote ni CVT. X-Trail ya umbo la pembepembe, T30, ni ya hatua nne. T31 ya petroli iliyoanza 2007 ni CVT. Subaru Forester nyingi zilibaki na hatua nne mpaka toleo la SJ lilipokuja 2012. Probox ilisubiri hadi 2014. IST, mpenzi wa Watanzania, toleo lake la kwanza lina hatua nne, na nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya sababu bei yake haitaki kushuka.

Kwa hiyo IST ya 2004 na Premio ya 2010 zikisimama pamoja yadini, umri peke yake haukwambii chochote. Unalinganisha mitambo miwili inayochakaa kwa namna tofauti kabisa.

Oto ya hatua nne ina toki konvata inayopokea nguvu ya injini kupitia oili, kisha seti za meno zinazoshikwa na kuachiwa na vifurushi vya klachi. Klachi hizo zina karatasi ngumu za msuguano zinazolika taratibu. Zikianza kuisha, gia inachelewa kushika, inateleza kidogo wakati wa kubadilika, inastuka. Unapewa taarifa mapema, mara nyingi miezi mingi kabla. Na fundi wa kuifungua yupo karibu kila mji.

CVT haina hatua. Ina puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda wa chuma unaopita katikati yake. Kinachozuia mkanda usiteleze ni presha ya oili inayozibana puli. Presha ikishuka, hata kwa sekunde, mkanda unateleza na kukwaruza uso wa puli. Mkwaruzo unatoa vumbi la chuma, vumbi linaingia kwenye valvu zinazotawala presha, presha inashuka zaidi, mkanda unateleza zaidi. Ukishaingia kwenye mzunguko huo safari ni fupi, na kwa gereji nyingi za kwetu CVT haifunguliwi, inang'olewa nzima na kuwekwa nyingine.

Sisemi CVT zote ni mbovu. Za Toyota zimevumilia barabara zetu vizuri pale zinapotunzwa. Za Nissan zina historia ya kuchunguza kwa makini: kwa soko la Marekani kampuni yenyewe ilirefusha waranti ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 mpaka miaka 10 au maili 120,000, na kampuni hairefushi waranti kwa sababu ya malalamiko mawili matatu. Honda Fit za kwanza, zile za 2001 hadi 2007, zina klachi maalumu ya kuanzia mwendo badala ya toki konvata, na hiyo ndiyo inayofanya gari litetemeke linapoondoka. Kundi jingine ni gia boksi za klachi mbili, kama DSG kavu ya hatua saba (klachi zake hazikai ndani ya oili) kwenye Golf na Polo zinazoonekana sana Nairobi. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari zaidi ya milioni 1.5 duniani kubadilishiwa oili ya gia boksi hiyo. Ukitaka gari la aina hiyo likiwa na miaka 10 mgongoni, mtafute kwanza fundi anayeijua DSG, ndipo utafute gari.

Kinachoua, kwa aina zote za oto, ni joto. Oili ya gia boksi inafanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikivuka 120 mara kwa mara inaanza kuungua, inapoteza uwezo wa kulainisha na kushikilia presha, na mpira wa sili unakauka. Sasa fikiria gari lililofanya kazi ya taksi ya mtandaoni kwenye foleni ya Mbagala, kiyoyozi kimewashwa, abiria wanne. Au lililopanda Kitonga likiwa limebeba familia nzima na magunia ya mpunga. Kilomita 90,000 za namna hiyo ni nzito kuliko kilomita 150,000 za Dodoma mjini. Ndiyo maana swali la "limetembea kilomita ngapi?" linatakiwa lifuatwe na "lilikuwa linafanya kazi gani?"

Kuna njia moja ya kuua gia boksi ambayo kwetu imeenea na haisemwi. Kwenye magari mengi ya oto, oili ya gia boksi inapozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba dogo lililozungukwa na maji ya injini. Watu wengi wanaweka maji ya bomba badala ya kulanti. Kutu inakula lile bomba kutoka nje, siku linatoboka, maji yanaingia kwenye gia boksi. Zile karatasi za klachi zimegundishwa kwa gundi, na maji yanaiachisha. Kwa hiyo kagua gia boksi ukianzia kwenye mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imepoa. Ukiona kulanti safi yenye rangi, ni dalili njema. Ukiona maji ya kahawia, ongeza mashaka. Ukiona mafuta yanaelea juu, au oili ya gia boksi imegeuka ya waridi yenye povu, aga kwa heshima uondoke.

Ukaguzi wenyewe ufanye asubuhi, gari likiwa limelala. Mwambie muuzaji jana yake kwamba asiliwashe mpaka ufike, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, mtu amekutangulia, na inafaa ujue kwa nini. Washa ufunguo bila kuamsha injini na uangalie dashibodi: taa zote za tahadhari ziwake, ya injini ikiwemo. Isipowaka, inawezekana balbu imeng'olewa ili isiseme. Kisha amsha, kanyaga breki, weka R, subiri, rudisha N, weka D. Gia inapaswa kushika ndani ya sekunde moja hivi kwa mguso mdogo. Ikichukua zaidi ya mbili, presha ni ndogo au sili zimekauka, hata kama baada ya dakika kumi itakuwa inashika vizuri. Dakika hizo za ubaridi ndizo ambazo mtu anayelipasha moto gari kabla hujafika anataka usizione.

Kama lina stiki ya oili ya gia boksi, ichomoe upangusie kwenye tishu nyeupe. Oili nyekundu au nyekundu iliyokolea inaleta moyo. Kahawia si hukumu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni hukumu karibu kamili. Isugue kati ya vidole. Ukihisi mchanga, hizo ni klachi zilizosagika. Gari nyingi za CVT hazina stiki, na hapo ndipo inalipa kumlipa fundi wako alinyanyue gari na kufungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Ndani yake kuna sumaku. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida, kila gia boksi inao. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvihesabu kwa macho, au nyuzi za chuma, ni puli, mkanda au beringi vinavyojila. Muuzaji akikataa sampo isifunguliwe, mwelewe, gari bado ni lake. Ila bei yako iwe ya mtu asiyejua kilichomo ndani.

Kisha barabarani, si kuzunguka yadi. Unahitaji nusu saa au zaidi, kwa sababu baadhi ya magonjwa hujitokeza oili ikishapata moto na kuwa nyepesi. Kwenye oto ya hatua nne, kanyaga taratibu usikilize kila badiliko. Mshale wa mizunguko ukipanda ghafla bila mwendo kuongezeka, klachi ya gia hiyo inateleza. Ukifika kilomita 50 hadi 80 kwa saa, shikilia mguu mwepesi. Gari likitetemeka kama linapita juu ya rasta ilhali lami ni nyororo, ni kufuli ya toki konvata inayoshika na kuachia. Wakati mwingine hiyo inatibika kwa oili mpya, wakati mwingine haitibiki, na huwezi kujua ni ipi kabla ya kulipa.

Kwenye CVT sikiliza mvumo unaopanda pamoja na mwendo. Kwanza ondoa beringi za magurudumu kwenye lawama: pinda taratibu kushoto na kulia kwenye barabara tupu; mlio ukibadilika kulingana na upande, ni gurudumu. Usipobadilika, huenda ni beringi za puli. Angalia pia mstuko wakati wa kupunguza mwendo kuelekea kusimama, na kusitasita unapokanyaga tena. Mwisho, tafuta mlima. Gari likipanda vizuri mara ya kwanza, rudi uupande tena mlima huo likiwa na joto. CVT iliyochoka hujilinda: inakata nguvu, inakataa kupanda mizunguko, na baada ya kupumzika dakika ishirini inajifanya haijatokea kitu.

Gari la gia za mkono halihitaji maneno mengi. Ukiwa gia ya nne kwenye mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote: mizunguko ikipanda bila gari kufuata, klachi imekwisha, na klachi ni gharama ya kawaida tu, ipunguze kwenye bei. Meno yakilia ukiingiza namba mbili kwa haraka, ringi za kusawazisha zimelika. Gari likiwa limesimama N, sikiliza: mlio unaokatika ukikanyaga klachi ni wa beringi ya ndani ya gia boksi, na unaoanza ukikanyaga ni wa beringi ya klachi. Ya kwanza ni ya kufungua gia boksi, ya pili inabadilishwa pamoja na klachi.

Hapa niweke neno la kuwatetea wauzaji, maana gia boksi nyingi zinahukumiwa kwa makosa ya wengine. Mstuko mkubwa unapoweka D mara nyingi ni mauntini za injini zilizokatika. Kutetemeka chini ya mzigo kunaweza kuwa plagi au koili moja inayokosa moto, na ukibadilisha koili ugonjwa wa "gia boksi" unaisha. Milio ya tak-tak unapokata kona ni jointi za shafti. Mnunuzi anayejua tofauti hizi ana faida ya pekee: anaweza kununua kwa bei ya gari lenye gia boksi mbovu gari ambalo gia boksi yake ni nzima. Anayekosea upande wa pili naye yupo, anayebadilishiwa mauntini huku klachi zinaendelea kuungua.

Ugomvi mkubwa wa gereji ni oili. Kuna wanaoapa kwamba ukibadilisha oili ya gia boksi ya zamani unaiua. Kuna wanaosema oili hiyo ni ya maisha, haiguswi. Wote wanaegemea kitu cha kweli. Oili ya zamani iliyojaa vumbi la klachi huwa na msuguano mwingi, na klachi zilizokwisha zinaweza kuendelea kushika kwa msaada wa uchafu huo. Ukiweka oili safi zinateleza. Lakini hapo oili haikuua, ilifichua. Na "ya maisha" maana yake ni maisha ambayo mtengenezaji aliyahesabu kwa mmiliki wa kwanza kule Japani, si kwa wewe uliyelishika gari baada ya watu watatu. Njia ya katikati ndiyo yenye akili: usisukumie oili mpya kwa mashine ya presha kwenye gia boksi ambayo historia yake huijui. Mwaga iliyotoka, weka kiasi kilekile, tembea, rudia baada ya kilomita elfu chache. Mara moja inatoka nusu au pungufu, nyingine inabaki kwenye toki konvata, kwa hiyo badiliko linakuwa la taratibu.

Na aina ya oili si jambo la ladha. CVT inahitaji oili inayoruhusu chuma kushika chuma bila kuteleza. Ukiimiminia ile hydraulic nyekundu ya kopo kubwa ambayo gereji nyingi huitumia kwa kila kitu, unaanzisha mwenyewe ule mzunguko wa mkwaruzo. Nissan za CVT zina NS-2 au NS-3, Toyota zina TC au FE, na hatua nne za Toyota zina T-IV au WS kutegemea mwaka. Muulize mwenye gari aliweka oili gani mara ya mwisho. Jibu la "ile ya gia boksi" linatosha kukuambia habari yote.

Mashine ya uchunguzi inasaidia, ila usiifanye kadhi. Kosa P0700 maana yake kompyuta ya gia boksi ina malalamiko, na inabidi kuingia ndani zaidi kuyasoma. P0741 inahusu kufuli ya toki konvata. Mashine ikionyesha hakuna kosa lolote, mwambie fundi aangalie kama vile vipimo ambavyo gari hujikagua lenyewe vimekamilika. Vikiwa havijakamilika, kumbukumbu ilifutwa karibuni, au betri ilichomolewa, na una haki ya kuuliza sababu. Baadhi ya magari ya Japani ya miaka hiyo hayatoi kila kitu kwa kifaa cha bei nafuu, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mashine inayozungumza na chapa husika.

Kwa gari linalotoka moja kwa moja Japani, omba karatasi ya mnada na cheti cha kufutiwa usajili. Cheti hicho hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko, na ndicho kinachosaidia kulinganisha na namba ya dashibodi. Kilomita zilizorudishwa nyuma ni tatizo la gia boksi pia, kwani ratiba ya oili inafuata namba ya uongo.

Utakutana na gari ambalo muuzaji anasema kwa fahari kwamba gia boksi imebadilishwa. Hiyo inaweza kuwa habari njema au mbaya kuliko zote. Gia boksi zinazouzwa Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi ni za mtumba, zimetolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani au kupitia Dubai na Sharjah, na hakuna anayejua zilitembea kiasi gani. Kwa hatua nne si hoja kubwa sana. Kwa CVT za Nissan kuna jambo la ziada: kila gia boksi ina takwimu zake za presha, na kompyuta ya gari inatakiwa isomeshwe takwimu za gia boksi iliyowekwa. Isiposomeshwa, inabana puli kwa vipimo vya gia boksi iliyokufa. Uliza nani aliifunga, lini, kwa sababu gani ile ya kwanza ilikufa, na kama rejeta ilikaguliwa siku hiyo. Iliyouawa na rejeta iliyotoboka itaua na mrithi wake.

Kabla ya kukubaliana bei, piga simu mbili: moja kwa muuza spea kuuliza gia boksi ya modeli hiyo na injini hiyo ni kiasi gani, nyingine kwa fundi kuuliza gharama ya kufunga pamoja na oili yake halisi. Kwa gari lililopita vizuri, weka pembeni pesa ya oili na chujio tu. Kwa lenye dalili zinazobishaniwa, toa nusu ya jumla hiyo kwenye bei unayotaja. Kwa CVT iliyokata nguvu mlimani, toa yote, na kama muuzaji hakubali, mwache atafute mteja wa zile mita chache za yadini.